Kwa Kadiri ya Ukuta

Nakaa Mabawa, nyuma ya kinu cha kukoboa mpunga.
Jina la mtaa sikulichagua, ila kwa biashara limenifaa:
*Kuchi halisi kutoka Mabawa, Tanga. Mayai ya kutotolesha.
Trei elfu tisini. Nauli juu yako.*

Jogoo nampiga picha asubuhi, jua likiwa bado chini,
mdomo umepinda kama wa kasuku, jicho la hakimu,
amesimama wima utadhani ukoo mzima unamtazama.
Kabla chai haijachemka simu imeshaanza.
Dada, damu safi?
Damu safi, najibu,
kwa kidole kilichotoka kukwangua banda.

Yai la kula na yai la kutotoa, machoni ni mamoja.
La kula ukiliuza, umeuza.
La kutotoa, siku ishirini na moja bado uko nalo,
unalala nalo, unageuka nalo,
na huko liliko pengine umeme umekatika.

Ncha chini, kitako juu,
kila moja nalizika kwenye pumba ninazopewa bure kinuni,
kisha gazeti, kisha boksi la sabuni, kisha kamba ya katani,
maana marehemu baba hakuwahi kufunga kitu kwa kamba nyingine.
USIPINDUE, naandika pande zote nne.
Pale stendi utingo anauliza: haya ya chipsi?
Namwambia, taratibu mwanangu, haya yana wenyewe ndani.

Trei ya Bwana Mgaya ilipanda Kitonga usiku.
Akaipokea Makambako, akaipumzisha siku nzima,
mtu makini, kila kitu alikuwa akiniandikia.
Siku ya saba alituma picha: yai mbele ya tochi,
na ndani yake buibui jekundu, miguu imetandaa.
Nikacheka peke yangu jikoni.
Sisi huku la kwetu jeusi.

Ya ishirini na moja, kimya.
Ya ishirini na mbili simu ikatetemeka juu ya gunia.
Video, sekunde kumi na nne:
vifaranga kumi na tisa wanalia kama mlango usiotiwa mafuta,
na saba kati yao shingo tupu, nyekundu,
kama walionyolewa na kinyozi anayekimbia mdai.

*Dada Mwamtoro, hawa ndio Kuchi?*

Nikatoka uani.
Juu ya ukuta alikuwepo Kishingo wa jirani yangu Shemhilu,
kipara mpaka kifuani,
anayapanga manyoya machache aliyojaliwa, hana habari.
Jogoo wa shamba hawiki mjini.
Ni kweli. Huyu sijamsikia akiwika hata mara moja.
Ndiyo maana sikumsikia akiruka.

Nilikaa juu ya ndoo.
Uongo ulikuwa tayari, umepangwa kama mayai kwenye trei:
mashine yako, joto lako, mitikisiko ya njiani.
Lakini shingo ile haina wakili.
Nikarudisha fedha za saba, elfu ishirini na moja,
makato nikalipa mimi,
nikaandika: Samahani. Ukuta wangu mfupi.

Siku mbili baadaye akajibu:
*Nimepokea. Huku baridi, dada.
Mmoja mama watoto kamkatia soksi, kamvisha shingoni.
Anakula kuliko wote.*

Shemhilu nilipomweleza alishika kiuno,
akasema basi mimi ndiye ninayedaiwa:
jogoo wake amefanya kazi msimu mzima bila mshahara.

Nimeongeza kozi tatu za matofali.
Kwenye tangazo *damu safi* nimefuta,
badala yake nimeandika: *Kuchi, kwa kadiri ya ukuta.*
Wateja wawili wameuliza maana yake. Mmoja amelipa.

Na leo alfajiri, juu kabisa,
kwenye saruji ambayo haijakauka,
vidole vitatu mbele,
kimoja nyuma.